Hongo ya Maji

Mtu wa visiwani anayekwenda Tabora kwa mara ya kwanza hujiandaa kwa ugeni. Ameshavuka bahari hadi Dar es Salaam, amepanda treni ya Reli ya Kati, amelala njiani na kuamka akiwa katikati ya miombo isiyo na mwisho. Minazi na mawimbi ameviacha nyuma kabisa. Lakini anapoteremka stesheni, ugeni aliojiandaa nao hauoni. Miembe mikongwe imetoa kivuli barabarani kama ile ya mashamba ya Unguja. Adhana inatoka msikitini kwa sauti anayoijua. Kinamama wamejifunga kanga, na Kiswahili kinachosemwa sokoni hakimtaki atafute mkalimani. Akiuliza njia ya kwenda uwanja wa mpira, hutajiwa jina alilolisikia kwao tangu utotoni: Ali Hassan Mwinyi.

Nchi hii ina desturi ya kuvipa viwanja majina ya watu. Mbeya kuna Sokoine, Dar es Salaam kuna Benjamin Mkapa, na Arusha kuna Sheikh Amri Abeid. Wapenzi wa mashairi hawahitaji kuambiwa kwamba huyu wa mwisho alikuwa mshairi kabla hajawa waziri, na kwamba ndiye aliyewaachia watunzi kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji. Basi mtoto wa Ujiji ana uwanja Arusha, na mtu aliyekulia Unguja ana uwanja Tabora. Majina nayo husafiri, na mara nyingi hufika mbali kuliko wenyewe walivyotazamia.

Mzee Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925. Akiwa mdogo alipelekwa Unguja kutafuta elimu, akawa mwalimu, na mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar. Kuanzia 1985 hadi 1995 alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2021 kimebeba lile jina la utani alilopewa na wananchi, Mzee Rukhsa, na chini yake kimeitwa safari ya maisha yake. Maneno hayo mawili, safari na rukhsa, yana historia ndefu Tabora. Yalikuwa yakisemwa huko muda mrefu kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

Njia ya misafara ilianzia mwambao, Bagamoyo na bandari jirani, ikapanda Usagara, ikakatiza Ugogo, ikaingia Unyamwezi na kufika Unyanyembe, mahali ambapo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipaita Kazeh, na baadaye Tabora. Kutoka hapo iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Ufipa. Burton na Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani, wakapokewa na Snay bin Amir, Mwarabu mwenye makazi hapo. Baba yake Tippu Tip naye alikuwa na makazi yake karibu na mji huo, na katika maisha ya mwanawe, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, Tabora inatajwa kama vile mtu anavyotaja mtaa wa pili.

Waliobeba njia hiyo mabegani walikuwa hasa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, pembe au vitambaa au shanga, mbali na jungu lake, mkeka wake na posho yake. Mbele alikwenda kirangozi, na bendera nyekundu ya Unguja ikipepea. Nyuma yao, katika misafara mingi, walikwenda watu waliofungwa ambao hawakuchagua safari. Hilo halifai kurukwa kila njia hii inapotajwa kwa fahari. Tabora ilikuwa mahali pa kutua. Mizigo ilishushwa, chakula kilinunuliwa, wapagazi wapya waliajiriwa, na mvua zilisubiriwa zipite. Watu wasiojuana kwa kabila wala lugha walikaa pamoja kwenye uwanda mmoja, wakaondoka wakiwa watani. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, ambao wazee wangali wakiukumbuka, ulipikwa katika sufuria hizo za safarini.

Anayeingia uwanjani Tabora siku ya mechi huona jambo linalofanana na hilo. Kuna waliotoka Urambo na Nzega, Sikonge na Igunga. Kuna wanafunzi, waendesha bodaboda, wauza asali na wafanyakazi wa reli. Wanakaa begani kwa bega kwa dakika 90, wanataniana, wanatawanyika. Mji uliozaliwa kuwa kambi haujapoteza kazi yake.

Lakini kambi ina gharama, na hapa ndipo neno jingine la njia ile linapostahili kukumbukwa. Neno hilo ni hongo.

Leo hongo ni neno la aibu. Likitajwa, mtu huona bahasha chini ya meza. Zama za misafara halikuwa hivyo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliotolewa mchana mbele ya watu, baada ya majadiliano yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Ilipatwa zaidi Ugogo, nchi kavu, ambako msafara wa mamia ya watu ulihitaji maji kuliko kitu chochote. Wageni walioandika vitabu waliilalamikia sana: merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba vilivyotoka mikononi mwao kila walipofika kwa mtemi mpya. Wagogo hawakuandika vitabu. Lakini wao ndio waliochimba visima, wao waliovilinda, na wao ambao wangebaki na kiu msafara ukishapita na kuvikausha. Aliyelipa alipata rukhsa ya kuteka maji, kununua nafaka na kupita kwa amani. Upande mmoja ulitoa kitambaa, upande wa pili ulitoa kisima.

Neno liliharibika pale kisima kilipoondoka na mkono wa kupokea ukabaki. Huo ndio tofauti wote baina ya ushuru na rushwa: mlipaji anapotazama nyuma, je, anaona maji?

Watu wa Unyanyembe walijua pia kinachotokea pande mbili zisipokubaliana juu ya malipo. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aligombana na Waarabu wa Tabora, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, akashuhudia wakishindwa, na ikambidi azunguke kusini. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, na huku Unguja wenye mali walihesabu hasara kwa ajili ya ugomvi uliokuwa miezi mitatu au minne kwa miguu kutoka vibarazani mwao. Mirambo alifariki Desemba 1884. Jina lake limebaki katika shule, na katika miaka ya 1990 lilibaki pia katika mpira: Milambo ndiyo iliyokuwa timu ya Tabora katika ligi ya taifa.

Timu za Tabora zimekuja na kuondoka kama misafara. Baada ya Milambo mashabiki walisubiri. Rhino Rangers ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2013/14, ikashuka msimu huohuo. Ilipita miaka tisa. Kisha mwaka 2023 ikapanda Kitayosce, timu iliyoasisiwa Kilimanjaro na kuhamia Tabora. Mwaka huohuo Mashujaa ya Kigoma nayo ikapanda, na kwa kuwa Dodoma Jiji ilikuwamo tayari, Ugogo, Unyamwezi na mwisho wa reli kando ya ziwa zote zikawa na timu katika ligi moja. Aliyefuatilia ratiba ya mechi msimu ule, pwani hadi Dodoma, Dodoma hadi Tabora, Tabora hadi Kigoma, alikuwa akisoma orodha ya vituo vya misafara bila kujua.

Mwanzo ulikuwa wa huzuni. Tarehe 16 Agosti 2023, katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu dhidi ya Azam huko Chamazi, timu iliingia na wachezaji wanane tu kwa sababu ya matatizo ya usajili. Dakika ya 15 ilikuwa nyuma kwa mabao 4, wengine wameumia, na waliobaki walikuwa pungufu ya saba ambao sheria inawataka. Mwamuzi akamaliza mchezo. Lakini timu ile ile, ikishaitwa Tabora United na mashabiki wakiipamba kwa jina la Nyuki wa Tabora, ilirudi uwanja uleule wa Chamazi na kuifunga Yanga mabao 3 kwa 1. Ilikuwa tarehe 7 Novemba 2024. Wapendao tarehe watagundua kuwa ni siku ileile ambayo Burton aliingia Kazeh, miaka 167 kabla.

Furaha ya jina ilidumu misimu miwili. Mwaka 2025 timu ilikwenda mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ikaitwa TRA United. Mtani wa Kinyamwezi akisikia habari hiyo hawezi kujizuia: mji uliopigana vita kwa ajili ya ushuru wa njia sasa unamshangilia mtoza ushuru. Utani ni mzuri, na timu yenye mfadhili wa uhakika haikwami tena na wachezaji wanane. Hata hivyo yapo yaliyopotea. Kwa miaka hiyo miwili jina la mji lilisomwa kwenye msimamo wa ligi kila wiki, na mtoto wa Tabora aliyeko mbali alilitafuta gazetini kabla ya kitu kingine. Timu ilitoka Kilimanjaro, ikachukua jina la Tabora, kisha ikachukua jina la mwenye mali. Msafara una haki ya kubadili bendera. Kinachobaki mahali pake ni uwanda uliotua juu yake.

Kwa hiyo swali la haki kwa Tabora si timu ni ya nani, bali uwanja ni wa nani, na nani anaulisha.

Viwanja vingi vya mikoani Tanzania Bara vilijengwa zama za chama kimoja, kwa nguvu na michango ya wananchi. Wakati huo chama na umma vilihesabiwa kitu kimoja, na hakuna aliyeuliza hati iko kwa nani, kama vile ndugu wanaojenga nyumba ya mama hawaulizani risiti. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na viwanja vikabaki mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi, huu wa Tabora ukiwa mmojawao. Tangu hapo mjadala haujaisha. Wapo wasemao chama ndicho kilichohamasisha, kilichosimamia na kilicholinda, na mali ni yake. Wapo wasemao jasho lilikuwa la wote. Pande zote mbili zina watu wazima wenye kumbukumbu zao. Kuna kinaya kidogo katika jina lililo mlangoni: Rais aliyekuwa madarakani mlango wa vyama vingi ulipofunguliwa alikuwa Ali Hassan Mwinyi mwenyewe. Na Tabora ndio mji ambao TANU ilikutana Januari 1958 na kuamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, uamuzi mchungu uliohitaji watu kutazama mbele ya hasira zao.

Mjadala huo utamalizwa na wenye kuumaliza. Nyasi, hata hivyo, haziwezi kuusubiri. Hati ya kiwanja haimwagilii kitu.

Anayedhani ukarabati wa uwanja ni rangi na viti vipya hajawahi kuishi Tabora. Mvua huko ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi ni miezi mingi ya jua kali. Ligi huanza Agosti, ardhi ikiwa imekauka mpaka imepasuka. Nyasi zikifa, udongo hugandamana chini ya viatu, na mvua za kwanza zikinyesha maji hayazami: yanatuama juu, uwanja unakuwa tope, tope linakauka na alama za viatu, na mpira hudunda upande ambao hakuna aliyeukusudia. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huanzia chini. Hulegeza udongo, husawazisha mwinamo, huweka njia za maji kutoka, hupanda nyasi zinazovumilia jua, kisha hutafuta maji ya kumwagilia na mtu wa kumwagilia kila siku, hata wiki isiyo na mechi. Vyumba vya wachezaji, uzio na majukwaa hufuata. Bodi ya Ligi hukagua vyote hivyo, na kiwanja kisichofikia kiwango hufungiwa. Timu mwenyeji ikahamishiwa mji mwingine, mama muuza chapati, kijana wa maji ya chupa na mwenye nyumba ya wageni hupoteza siku yao ya soko.

Kwa miaka mingi Tabora ilikuwa na udhuru: maji yenyewe ya kunywa yalikuwa ya shida. Udhuru huo umepungua. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 bomba la maji ya Ziwa Viktoria lilifika, likipitia Nzega na Igunga hadi Tabora. Mwaka 1858 Speke alitoka Kazeh mwezi Julai kwenda kaskazini kulitafuta ziwa hilo, akaliona tarehe 3 Agosti. Ilimchukua wiki tatu na ushei kwenda kuyaona maji. Sasa maji yamekuja yenyewe, kwa upande uleule aliokwenda.

Kisima kipo, basi. Kilichosalia ni hongo, kwa maana yake ya kale. Kila shabiki anayelipa kiingilio mlangoni analipa ushuru wa njia. Katika mgawanyo wa mapato ya mechi, uwanja nao una fungu lake, kama timu na wasimamizi wa mpira walivyo na mafungu yao. Fungu hilo likigeuka maji, mbegu, mashine ya kukatia nyasi na mshahara wa mtunza uwanja, shabiki ameteka alicholipia. Lisipogeuka, basi neno litakuwa limeharibika kwa mara ya pili, na mahali palepale. Hakuna uchawi mwingine katika habari ya ukarabati. Uwanja haufi kwa kukosa mfadhili wa mara moja. Hufa kwa kukosa mtu wa kila asubuhi.

Watu wa visiwani wana mfano wao karibu. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukachakaa, ukakarabatiwa, ukachakaa tena. Mwishoni mwa Desemba 2023 ulifunguliwa upya ukiwa na sura ambayo wazee hawakuitambua, na aliyeufungua ni Rais Hussein Ali Mwinyi. Agosti 2025 ulipokea mechi za CHAN. Mtoto amefungua uwanja Unguja, na jina la baba liko mlangoni Tabora. Ni jambo la kupendeza kulisimulia, lakini Amaan nao utaulizwa swali lilelile miaka 10 ijayo: nani alimwagilia?

Tabora yenyewe ina mahali pa kujifunzia subira hiyo. Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo tembe ambayo Livingstone na Stanley walikaa mwanzoni mwa 1872, na ambayo Livingstone alibaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Tembe ni nyumba ya udongo yenye dari tambarare, iliyozunguka ua. Isipokandikwa kila mwaka, mvua huirudisha ardhini. Nyumba ya asili haikusalia; inayoonekana imejengwa upya. Nyumba za watu mashuhuri huanguka sawasawa na za wengine, udongo haujui nani alilala ndani.

Mzee Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani siku mbili baadaye, tarehe 2 Machi. Anayekwenda Mangapwani kuzuru hupelekwa pia kuona chumba kilichochimbwa ndani ya mawe karibu na pwani, ambacho kinahusishwa na watumwa waliofichwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Huenda baadhi ya waliopita vyumba vya namna ile walikuwa wametembea njia ya Tabora. Kwa hiyo njia moja ina jina lake upande wa bara, juu ya mlango wa watu wanaoimba, na kaburi lake upande wa kisiwani, jirani na mlango wa watu waliolia. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Mtu wa visiwani aliyefika Tabora siku ya mechi hulipa kiingilio chake kama wengine, hutafuta kivuli, huketi. Kabla ya filimbi, hutazama chini uwanjani kuliko anavyowatazama wachezaji. Kama nyasi ni kijani mwezi wa Septemba, mvua ikiwa bado miezi miwili, hujua kwamba kuna mtu aliamka alfajiri akafungua bomba, na kwamba fedha aliyoitoa mlangoni inajua inakokwenda. Jina lililoandikwa ukutani litakuwa limetunzwa. Kama ni vumbi, atalisoma jina lile wakati wa kutoka kwa uchungu kidogo, kama anavyosoma mtu jina la ndugu yake kwenye kaburi ambalo majani yameliotea.